Mkono Mdomoni mwa Ng'ombe

Mtaa mzima ulimwita Koleo, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ng'ombe wa mtu akikwamwa na kitu kooni, aliitwa yeye. Mkono wake mwembamba ulizama hadi kwenye kiwiko, ukatoka na gunzi au kipande cha kamba. Kwa hiyo ng'ombe wake mwenyewe alipoanza kudondosha mate na kukataa maji, hakusubiri mtu. Aliingiza mkono mara mbili, akaambulia mate matupu na michubuko ya meno.

Ndipo mumewe akampigia simu daktari wa mifugo. Akaja binti mwembamba, buti zimemzidi miguu, na hakumgusa ng'ombe hata kidogo. Alisimama mlangoni mwa banda, akamsikiliza akilia kwa sauti iliyokauka, akamwona akiyumba. Akauliza kama kuna mbwa mgeni aliyepita hapo. Mume akakumbuka mmoja, mwezi uliopita, waliyemfukuza kwa mawe.

"Nani ameingiza mkono mdomoni?"

Koleo akauficha mkono mgongoni. Koleo mzima, hafui dafu kwa ng'ombe wake mwenyewe! "Hakuna," akasema.

"Mama, silaumu mtu. Nionyeshe tu mikono."

Alipoiona michubuko, binti alivaa glavu, akamvuta hadi bombani na kumwosha kwa sabuni, jicho kwenye saa, robo saa nzima.

"Tumekuita kwa ajili ya ng'ombe!" mume akafoka. "Mke wangu ana nini?"

"Bado hana kitu, baba, ndiyo maana nina haraka. Nadhani huyu ng'ombe ana kichaa cha mbwa. Yeye siwezi kumwokoa tena. Mama akichanjwa leo, atapona kabla hajaugua."

Akafunga banda, akapiga simu hospitali watayarishe chanjo, akampeleka mwenyewe kwa gari lake.

Ng'ombe alikufa kesho yake. Daktari akarudi kuchukua kichwa cha kupimwa maabara, na hakuondoka mpaka mbwa wote wa mtaa walipochanjwa. Majibu yalipotoka, ulikuwa ni ugonjwa uleule. Koleo alikuwa ameshachomwa sindano ya tatu. Akampigia daktari kumshukuru, akaishia kulia.

"Nilikudanganya, mwanangu," akasema mwishowe.

"Najua, mama. Karibu wote husema hakuna. Ndiyo maana huwa naomba kuona mikono."