Begi la Kudumu

Mimi kabla sijanunua kitu nakigombeza kwanza. Ndivyo nilivyo, na soko zima la Lushoto linanijua. Siku ile Sefania, kijana anayeuza mabegi karibu na stendi, aliponiona nakuja na binti zangu wawili, alianza kushusha mabegi hata sijafungua mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka begi la laptop, la mwanafunzi. Hayo ya maua maua yaache huko huko."

Shamsa, mkubwa wangu, alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha ualimu. Mjomba wake Mussa alimletea laptop kutoka Tanga, nzito kama tofali, ila inafanya kazi. Angelala nyumbani, kwetu juu njia ya Irente, ashuke asubuhi na kupanda jioni. Na mvua ya huku haina adabu.

Watu walinisema sana. Mtoto anaumwa moyo, unampeleka chuo ya nini? Ndiyo, anaumwa. Daktari alituambia kuna mlango wa moyo haufungi sawasawa, na tunasubiri kuitwa Dar kwa operesheni. Simu yangu siiweki mbali hata nikiwa shambani. Lakini mtu akianza chuo si ana mpango wa kumaliza? Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mungu, na sikumwambia kwa upole.

Nikashika begi jeusi la turubai. Nikaligeuza ndani nje. Mshono umepigwa mara mbili, na pale mkanda unapoungana na begi wamerudia kwa uzi mnene. Zipu ya chuma, meno makubwa. Mfuko wa laptop una sponji, na haufiki chini kabisa, kwa hiyo hata ukilibwaga laptop haigongi sakafu. Nikachukua chupa yangu ya maji nikalimwagia.

"Mama jamani, hiyo ni biashara yangu!"

"Mvua itakuuliza kama ni biashara yako?"

Ndani kukavu. Nikatia viazi vilivyonibakia sokoni, nikalinyanyua kwa mkanda mmoja, nikalitikisa kweli kweli. Hata uzi haukulia. Sefania akacheka, akasema begi hilo mwalimu atastaafu nalo. Nikafurahi moyoni, ingawa usoni nilimkunjia ndita.

Shamsa alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, midomo imempauka. Akamwita mdogo wake.

"Sabra, hebu njoo ulivae."

Nikadhani amechoka, anataka kuliona likiwa mgongoni kwa mtu. Akatoa viazi, akamvisha, akamfupishia mikanda, akampapasa mabega. "Linakuumiza hapa? Na hapa?" Halafu akamgeukia Sefania. "Kaka, mikanda hii ikirefushwa inafika wapi? Huyu bado anakua."

"Kwani begi la nani?" Sefania akauliza.

Shamsa hakunitazama. "La kwangu kwanza. Halafu lake. Ndiyo maana nataka la kudumu."

"Wewe!" Nilipiga kelele mpaka muuza nyanya akageuka. "Koma! Koma kabisa!"

"Mama, nasema tu."

Akahamia Kishambaa, kwa sauti ile tunayoongea jikoni. Akaniambia hana hasira na mtu, ila hapendi kitu kizuri kije kining'inie ukutani bila mwenyewe. Mtoto wa miaka ishirini! Alikuwa amekaa na maneno hayo muda mrefu, na mimi ndani ya nyumba hiyo hiyo sikuyasikia. Niliumia, jamani. Niliumia hadi nikakosa pa kuweka mikono.

Nikamvua Sabra lile begi, nikamrudishia Sefania. Nikachomoa jingine, la bluu, kitambaa chake kama cha mwavuli, mshono mmoja, zipu ya plastiki. Jepesi kama kilemba.

"Nipe hili."

"Mama, hilo halimalizi mwaka. Nakwambia ukweli."

"Nimekuuliza?"

"Laptop italowa, mama," Shamsa akasema.

"Ilowe! Tutaifunga na mfuko wa mbolea. Na begi likichanika, mwakani tunarudi hapa kununua jingine, mimi na wewe. Mwaka unaofuata, jingine tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Akalivaa pale pale, hakubisha. Na lilimkaa, wallahi, lilimkaa kama mwanachuo kamili. Hata Sefania alisema.

Tulipanda bodaboda mbili hadi tope lilipozikataa. Ukungu ulikuwa umeshuka, nyumba yetu haionekani, na kilima kilichobaki si kirefu. Mimi hukipanda na tenga la kabichi kichwani huku naongea. Shamsa alitembea kidogo akasimama. Akaushika mkaratusi. Akatembea tena, akasimama tena, kifua kinapanda na kushuka, na mimi najifanya naangalia mahindi ya jirani.

Kisha akatoa mkanda mmoja begani, akatoa wa pili. Akamnyooshea Sabra begi. Sabra hakulipokea. Akanitazama mimi.

Begi lilikuwa tupu. Halikuwa na hata karatasi ndani.

"Lichukue," nikamwambia. Nikainama kwenye tope, nikamvisha, nikaanza kumfupishia mikanda.