Soja Asiyekuwa Getini

Mwanasiti alikuwa amekwisha kukunja nguo za mtoto. Fulana, soksi, kofia aliyoifuma mwenyewe, zote zimeingia begini, na begi liko mlangoni. Nje ya geti la korti yao, nyumba chache ndani ya ukuta mmoja hapa mtaani Umoja, teksi ya kumpeleka stesheni ilikuwa ikinguruma.

"Abrar nakwenda naye Mombasa," alimwambia Wangu, mke wa mwanawe, kwa upole wa mtu asiyeomba. "Nna chumba cha uani, kimya, hapiti mtu. Watu hawatamuona wakamsema. Nawe Wangu urudi kazini kwako."

Baada ya "chumba cha uani", Wangu hakusikia tena.

Alikulia mtaa wa Mbotela, na jirani yao alikuwa na chumba kama hicho. Chini ya mlango palikuwa na mwanya, na chapati zikipikwa, mkono ulitoka pale, vidole vifupi, kiganja juu. Mchungaji alipita mlango ule. Shehe alipita. Wagombea viti walipita wakiomba kura. Hakuna aliyeuliza mkono ule unaitwa nani. Siku jeneza dogo lilipotolewa ndipo majirani wakashangaa: kumbe alikuwa msichana! Wangu hajawasamehe hadi leo.

"Hatoki hapa," alisema.

"Mwanangu, kwetu halijatokea jambo hili. Kwenu huko bara, sijui mlikosana na nani."

"Hakuna laana, Mama. Kliniki walinieleza."

Alimtupia jicho Saif, mumewe. Saif alikuwa kochini akipekua simu. Tangu asubuhi hakuwa ameiweka chini.

"Si unamjua Mutisya, soja wetu?" Wangu aliendelea. "Akiwa getini, mwizi hapiti. Akienda kibandani kunywa chai, bado ni Mutisya yule yule na rungu lile lile, lakini geti liko wazi. Ndani ya yai ni hivyo. Kuna kromosomu, zile nyuzi zinazobeba maumbile ya mtu. Zinafungwa kamba pande mbili, zivutwe, zigawanywe sawasawa. Sasa kuna protini inayokaa kiunoni mwa kromosomu, pale pale kamba zinaposhikia. Inapima kila kamba. Iliyoshika vibaya inaachishwa, ianze upya. Protini hiyo isipokaa kiunoni, hata ikijaa tele kwenye seli, ni bure. Kamba mbovu inabaki, upande mmoja unapata zaidi. Abrar ana kromosomu moja ya ziada, ndiyo hali yake hii. Basi. Jini hayumo."

"Yai la nani?"

Hata kidole cha Saif kilisimama juu ya simu.

Wangu angeweza kudanganya. "Yai ni langu. Kosa laweza kuanzia kwenye mbegu ya baba, lakini mara nyingi huanzia kwenye yai la mama."

"Ahaa! Na miye nilisemaje?"

"Basi sikiza na hili. Mayai ya mwanamke huanza kuumbwa angali tumboni mwa mamake, yakangoja. Miaka ikienda, vishikizo vinavyoshikanisha zile nyuzi vinalegea, na soja wa ndani ya yai naye hatulii mahali pake. Mimi miaka yangu ilienda wapi, Mama? Saif alinileta kwako nikiwa msichana. Ukasema mtu wa bara haingii nyumbani mwako. Tukangoja mpaka nikaota mvi. Leo unaniuliza yai la nani!"

Uso wa Mwanasiti ulisawijika. Wangu aliona, na ilimpendeza. Ilimpendeza mno. Kisha Abrar akakohoa kitandani, naye akakumbuka alichoambiwa kliniki mwishoni, kile ambacho hakikumsaidia kupigana.

"Hata msichana wa miaka ishirini huweza kumzaa mtoto kama huyu," akasema, sauti imeshuka. "Siwezi kukubandika lawama wewe. Nawe usinibandike."

Honi ikalia. Mwanasiti akamnyanyua Abrar, akamfunika kwa mtandio. "Mtabishana nikishaondoka. Gari laningoja."

Mutisya akachungulia mlangoni. "Mama Abrar, dereva anasema anaenda."

"Na geti umemwachia nani?" Wangu alimuuliza.

"Si nimetoka tu mara moja, mama!"

Wangu akageukia kochi.

"Saif," Wangu aliita. "Uko?"

"Si niko hapa."

"Hapa wapi?"

Saif aliitazama simu, akalitazama begi. Akainuka. Akapita kati ya mama na mke bila kumgusa yeyote, akasimama mlangoni, begi katikati ya miguu yake.

"Mama, mwanangu halali chumba cha uani."

"Wanifungia mlango, Saif? Miye?"

"Ndiyo, Mama." Miguu haikusogea.

Mwanasiti alisimama akihema. Hatimaye akaketi kochini, pale palipobaki joto la mwanawe, kibeti bado begani, Abrar kifuani. Hakumrudisha kitandani. Wangu hakumnyang'anya. Alienda akasimama kando ya mumewe, wakaujaza mlango.

Honi ikalia tena, ndefu.

"Mutisya," Saif alisema bila kugeuka, "mwambie dereva aende. Halafu ukae getini."