Damu Ilishasema

Daktari alisema "huenda". Alimtazama fundi umeme mzee, mikono ikitetemeka mapajani, akamweleza mwanawe taratibu: ugonjwa ni Parkinson, na kuna protini imepanda kwenye damu. Huenda baadaye kumbukumbu ikapungua. Kwa leo akili yake ni timamu.

"Huenda" ilidondoka njiani kabla hawajafika nyumbani. Mezani kijana akamtangazia mkewe, "Damu imeshasema. Mzee akili zimekwisha." Tangu hapo mzee akisema mchuzi hauna chumvi, wanakonyezana. Akimkosoa mwanawe kazini, anaitikiwa "ndiyo, baba" kwa ile sauti ya kumbembelezea mtoto. Watu wazima hao! Inaudhi hata kusimulia.

Siku ya kuhamisha soketi ya jikoni, kijana alizima swichi kuu, akafungua soketi. Mzee alikuwa kitini mlangoni.

"Jiko lina laini yake," alisema. "Niliivuta mwenyewe kutoka mita ya karakana, haipiti swichi hiyo. Pima kwanza." Akamnyooshea testa, ikamchezea mkononi.

"Mkono huo upime umeme au upige ngoma?"

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwache, mume wangu. Hiyo ni damu inaongea."

"Pima, mwanangu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kijana alishika waya kwa vidole vitupu, na hakupata nafasi ya kuuachia.

Msibani mkwe aliwaeleza waombolezaji, "Mzee ndiye aliyewasha swichi. Msimlaumu, hajui atendalo. Damu yake ilishapimwa." Wakaguna kwa huruma. Mmoja akamfuta mzee mate.

"Sikuwasha," alisema mzee. Alikuwa amemzika mwanawe asubuhi ile. "Umeme wa jiko haujazimwa mpaka sasa hivi."

"Swichi kuu tumeizima, baba. Tulia."

Wageni walipopungua, mkwe alilowesha kitambaa, akaingia jikoni kufuta masizi ukutani, pale pale nyaya zilipokuwa wazi. Mzee alijitutumua akasimama. Miguu ikaganda sakafuni, kama ilivyozoea kumfanyia. Akapiga ukelele, lakini sauti nayo ugonjwa ulishaila, ukatoka mnong'ono.

"Mita ya karakana, mama! Usiguse!"

"Ndiyo, baba," mkwe alimjibu bila kugeuka, akakamua kitambaa.