Milimita Mbili za Dirisha Namba Tatu

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, ofisa wa dirisha namba tatu alilaza rula ya mbao juu ya ukurasa wa kwanza wa tasnifu, akafumba jicho moja, akasema:

"Pambizo la kushoto limezidi. Milimita mbili."

Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na minne, ambaye wenzake wa maabara walimwita Maikromita kwa sababu hata saa ya ukutani hakuiamini mpaka aihakiki. Miaka sita ya uzamivu wake wa fizikia aliimaliza akipima unene wa tando za chuma zilizopakwa juu ya kioo, nyembamba kuliko unywele mara elfu moja. Watahini watatu walikwisha kuipitisha kazi hiyo. Mmoja aliusifu umakini wa vipimo. Wa pili alisahihisha koma ukurasa wa kumi na mbili, na hakuna ushahidi kwamba alifika wa kumi na tatu.

"Nimelipima mwenyewe, mzee wangu. Ni arobaini kamili, kama kanuni inavyotaka."

"Rula inasema arobaini na mbili, dada. Mimi na wewe tunaweza kubishana. Rula haibishani."

Akagonga muhuri wa IMEREJESHWA, wa tatu katika mwezi mmoja, kisha akaigonga rula kwa ncha juu ya kaunta, ko! "Anayefuata!"

Idara ilikuwa imemwandikia kwamba kazi ya uhadhiri ni yake, ilimradi alete cheti cha kukamilisha masomo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa sita ikipita, kazi inakwenda kwa wa pili kwenye orodha. Cheti hutolewa na dirisha namba tatu.

Alilijua dirisha hilo. Lilikuwa limemrudishia hata maombi ya kujiunga, kwa sababu kwenye kisanduku cha "matokeo yanayotarajiwa" aliandika: "Sijui bado, ndiyo maana naomba kufanya utafiti." Alipoandika kwamba matokeo yatakuwa mazuri, alikubaliwa wiki hiyohiyo.

Safari hii, kabla ya kuondoka, aliitazama rula. Ilikuwa ya aina ile ambayo namba huanzia kwenye ncha yenyewe ya mbao. Ncha ilikuwa imelika kama kisigino cha kandambili. Sifuri haikuwepo. Mstari wa kwanza uliosalia ulikuwa wa milimita mbili.

Saa nane mchana alimdaka msimamizi wake, Profesa Vikao, akitoka kikao kimoja na kuingia kingine.

"Weka thelathini na nane," alisema Profesa bila kusimama.

"Kanuni inasema arobaini, Profesa."

"Kila mtu anaweka thelathini na nane. Kwani hukuambiwa?"

"Mwaka wa kwanza ulitufundisha kosa la sifuri la chombo. Mimi ulininyima maksi kwa kusahau kulitaja."

"Ule ulikuwa mtihani, binti. Haya ni maisha." Mlango ukafungwa.

Jumanne alishinda maktaba na kipimio cha chuma cha maabara. Alipima tasnifu sitini na sita zilizowahi kupita dirisha namba tatu. Za miaka kumi na moja nyuma zilikuwa na pambizo la milimita arobaini. Zilizofuata zilikuwa na thelathini na tisa nukta sita, kisha thelathini na tisa nukta moja, na hivyo hivyo mpaka za mwaka huu: thelathini na nane. Alipozichora, zikakaa kwenye mstari ulionyooka. Kila mwaka "Anayefuata!" ilikuwa imeitafuna rula, na wasomi wa nchi, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameifuata nyuma kimyakimya. Katika miaka sita hakuwahi kupata grafu safi kama ile, na ilimchukua siku moja, bila ufadhili.

Akaandika barua ya kurasa mbili akipendekeza rula ibadilishwe, akaambatanisha grafu. Jumatano asubuhi aliifikisha dirishani. Ofisa hakuisoma. Alilaza rula juu yake.

"Hata hii imezidi," alisema. "Ila barua haina kanuni. Naipokea."

Alhamisi mchana mama yake, aliyekuwa akimwita Dokta tangu siku alipochukua fomu, alimwekea chakula akakaa mbele yake.

"Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Milimita mbili ni nini? Hata nzi hapati pa kukaa."

"Mama, kuna tamko la kusaini. Linasema pambizo ni arobaini. Nikiweka thelathini na nane nimesaini uongo."

"Walioajiriwa wote walisaini nini?"

Mjomba, aliyekuwa akisoma gazeti pembeni, aliangua kicheko. "Miaka sita anapima visivyoonekana, leo kashindwa na rula ya darasa la pili! Dokta wetu huyu!"

"Haijanishinda, Mjomba. Ni mbovu."

"Mbovu, lakini ina kazi. Wewe mzima, unayo?"

Alinawa mikono, akaenda kuchapisha kurasa upya.

Saa kumi alasiri alikuwa kwa mjalidi, karibu na geti la chuo.

"Thelathini na nane?" aliuliza mjalidi, kabla hajaambiwa.

"Umejuaje?"

"Wateja wangu wote. Jalada jipya la herufi za dhahabu ni siku mbili, dada. Nilibandue la zamani nizivike kurasa hizi mpya?"

"Libandue."

Kurasa zenye milimita arobaini zilikwenda kwenye pipa la karatasi chakavu. Tamko alilisaini hapohapo, juu ya mashine ya kukatia.

Ijumaa, saa tano na dakika ishirini, alijiunga na foleni. Kuna kitu hakikuwa sawa, ikamchukua muda kukijua: ile ko! haikusikika. Alifika dirishani saa sita kasoro dakika tisa. Juu ya kaunta palikuwa na rula mpya ya chuma, imefungwa kwa mnyororo. Ukutani, nyuma ya ofisa, ilibandikwa barua yake pamoja na grafu.

Ofisa alilaza rula, akafumba jicho moja.

"Limepungua. Milimita mbili."

Ofisa akamtazama vizuri, uso ukamkunjuka.

"Kumbe ni wewe mwenye barua! Kamati ilikaa jana jioni. Mapendekezo yako yamepita yote, hawakugusa hata neno. Watu wanalalamika kwamba chuo hakisikilizi utafiti. Tumekusikiliza, dada. Hongera sana."

Akagonga IMEREJESHWA, taratibu, wino usitapakae.

"Naomba rula," alisema Maikromita.

Mnyororo ulitosha kumfikia. Aliikagua ncha kwa ukucha: sifuri ilikuwepo. Alipima pambizo juu, katikati na chini. Thelathini na nane, thelathini na nane, thelathini na nane. Rula ilikuwa sahihi.

Saa sita kamili dirisha namba tatu lilifungwa.