Raba za Breki Kutoka Ng'ambo

...na jina ni la mume wake, hakuna ubishi, majina yote matatu kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, yamepigwa chapa kwenye karatasi nyeupe juu ya mfuko wa plastiki wa kijivu, na chini ya jina namba yake ya simu, na chini ya namba anwani, na anwani si ya nyumbani wala si ya shule anakofanya kazi ya kutunza maabara, anwani ni ya hapa hapa, duka la baiskeli, duka lake yeye fundi, alilolisimamisha kwa mikono hii iliyoingia grisi mpaka kwenye mistari ya viganja, na sasa mtu wa vifurushi kasimama mbele ya kaunta, kofia ngumu ya pikipiki bado kichwani, kalamu ameinyoosha, anasema, "Saini hapa, mama," hapa wapi, asaini nini, kwamba amepokea mzigo wa ng'ambo, yeye, ambaye mwaka mzima kazi yake ni kuwalaani wauzaji wa ng'ambo asubuhi, mchana na jioni, yeye aliyeandika kwa chaki kwenye ule ubao wa mlangoni KIFAA CHA MTANDAONI USINILETEE, akaufuta baada ya wiki kwa sababu njaa haina ubao... "Ni wa mume wangu huu," anasema, na yule mtu anacheka kwa wema, "Ndiyo, namfahamu, mteja wetu mkubwa huyo, zamani alikuwa anakuja kuchukua mwenyewe ofisini, siku hizi tumeanza kuleta mpaka mlangoni," mteja mkubwa, amesema mteja mkubwa, na zamani, kwa hiyo kuna zamani, kuna mizigo mingine iliyotangulia, mingapi, ilipita wapi, ilikaa wapi, nyumba ina vyumba vitatu na uvungu wa kitanda anaufagia mwenyewe, haya basi, mtu unalala na mtu miaka kumi na saba, unajua upande anaokoromea, unajua jino linalomsumbua akila kitu baridi, kumbe ana kaunta yake mahali fulani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umeifua jana ukaianika.

Anaugeuza mfuko. Ni mzito. Mtu haagizi mzigo mzito hivi kwa baiskeli moja, na baiskeli ya mume wake anaijua spoki kwa spoki, ndiye aliyeifunga, haihitaji kitu, na hii hapa karatasi ya forodha imesema kila kitu kwa herufi ndogo kama chawa: raba za breki, jozi ishirini na nne, taa za nyuma, kumi na mbili... jozi ishirini na nne, shule nzima haina baiskeli ishirini na nne, au inazo, hebu, tangu walimu walipoanza ule mtindo wao wa kwenda kazini kwa baiskeli, wa kwanza mwalimu wa jiografia, kisha karani wa shule, kisha mpishi, kisha wote, na yeye alishangilia, alisema riziki imebisha hodi, akaagiza taa, akaagiza kengele, akapanga raba nzuri kwenye droo ya pili, na miezi mitatu walikuja kweli, wakanunua, halafu ghafla wakakatika kama maji ya bomba, na waliporudi walirudi na mifuko ya kijivu, ndiyo, ya kijivu, kama huu, mwalimu wa jiografia akatoa siti yake ndani ya mfuko akasema, "Fundi, nifungie tu, kifaa ninacho," nifungie tu, kana kwamba kufunga ni kupiga chafya, mpishi akaja na taa, nifungie tu, karani akaja na pampu ambayo ukiibonyeza inapumua kama mgonjwa, na akamwonyesha kwenye simu barua aliyomwandikia muuzaji kulalamika na majibu aliyojibiwa, *rafiki mpendwa, usiwe na huzuni, bidhaa ni mzuri sana, tafadhali tupe nyota tano na moyo wa joto*, nyota tano, mtu kakuuzia pampu yenye pumu halafu anakuomba nyota, wauzaji hao hata sura huwajui, hawana mlango wa kugonga, hawana mama wa kumshtakia, picha inaonyesha taa kubwa kama ndizi mkononi mwa msichana anayecheka, inafika taa ndogo kama punje ya haragwe, na mkono wa msichana haupo.

Na jioni, hilo ndilo linalomchoma, jioni alikuwa anaketi mezani na kumsimulia nani, si mume wake huyu huyu, anamimina moyo wote, leo fulani kaniletea raba, leo kaniletea kengele isiyolia, wameniua hawa watu, wamenigeuza bisibisi ya kukodi, na mume anatafuna polepole, anatikisa kichwa, anasema, "Watu wabaya hao, mama watoto, hawana utu," hawana utu, alisema hivyo na kijiko mkononi, akaongeza mchuzi, na kumbe yeye ndiye mfereji wenyewe, yeye ndiye anayekusanya majina kwenye chumba cha walimu, nani anataka taa, nani anataka raba, anaagiza kwa simu ile aliyomnunulia yeye mke sikukuu ya kuzaliwa kwake, anatumia anwani ya duka kwa sababu nyumba yao haina namba, anakwenda kuchukua mwenyewe, anagawa, na wale wale wanaogawiwa wanatembea na mifuko yao mpaka hapa, na katika wote hao, walimu, wasomi, hakuna hata mmoja aliyesema, fundi, mbona huyu anayetuagizia ni mume wako, walinyamaza wote, labda walijua anajua, labda walidhani ni biashara ya nyumba moja, mume anauza mke anafunga, labda walimcheka tangu kwenye kona ile ya duka la dawa mpaka wakafika mlangoni wakanyoosha nyuso... "Mama, samahani, nina mizigo mingine," ndiyo, ana mizigo mingine, kila mtu ana mizigo mingine.

Ataukataa. Ataandika URUDISHWE. Au hapana, ataupokea na kuuweka katikati ya meza, mahali pa bakuli la mchuzi, akae, amtazame akiingia, amtazame akivua viatu, aone hiyo shingo itakavyogeuka, na ataanza kusema nini, atasema nilitaka kukuambia, wote husema nilitaka kukuambia, na yeye atajibu, uliniambia, uliniambia lini, na hapo, bila kuitwa, inamjia ile siku, kwa sababu kweli aliwahi kumwambia, si kuficha ni kumwambia, alikuja hapa dukani mchana mmoja mwaka jana, bado na koti lake jeupe la maabara lenye doa la bluu mfukoni, akanyoosha simu juu ya kaunta hii, uso umemjaa kama mtoto aliyeokota sarafu, akasema, "Ona, mama watoto, taa hii bei yake ni ya soda mbili, tuagize, tuchague zilizo nzuri, wewe uzijaribu, tuuze pamoja," tuuze pamoja, na dukani walikuwepo wateja wanne, mwalimu wa jiografia akiwemo, na yeye fundi hakuitazama hata hiyo simu, alikuwa ameshika cheni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wewe kaa na chupa zako huko, baiskeli waachie wanaume," na watu wakaangua kicheko, wanaume, na yeye mwanamke, ndiyo ilikuwa raha ya mzaha wenyewe, na mume naye akacheka, alichelewa kidogo, alicheka wa mwisho, kicheko cha kuazima, akairudisha simu mfukoni kwenye lile doa la bluu akaondoka, na usiku hakulitaja, na kesho yake hakulitaja, na yeye akasahau kwa sababu aliyepiga husahau... lakini hiyo si sababu, hapana, mtu akikucheka mbele za watu unamwambia nyumbani, umenivunjia heshima, huendi kumchimbia shimo chini ya droo yake ya pili, hapana, asijitie huruma za bure, kosa ni kosa, na tena baada ya yule mwalimu wa hisabati kuvunjika mguu, baada ya hilo jambo zima, mtu mzima mwenye akili zake anaagiza jozi ishirini na nne nyingine, hana hata haya, hana hata...

Mguu. Hataki kufika huko. Hapa ni suala la mfuko, la mume, la uongo, mguu si wake. Mwalimu wa hisabati, mtu mwembamba, vumbi la chaki kwenye pindo la mkono, ndiye aliyemfundisha binti yao mkubwa mpaka zile hesabu zilizokuwa zikimliza zikamnyookea, hakudai hata asante, alikuja wiki ya tano sasa, akatoa raba kwenye mfuko wa kijivu kwa aibu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na aibu, akasema, "Fundi, nisamehe, najua hupendi hivi," na yeye akasema, "Hakuna neno, mwalimu, lete," akaichukua raba moja akaibonyeza kwa ukucha, kama anavyofanya siku zote, na ukucha ukazama, na raba ikamomonyoka pembeni kama mkate wa juzi, akainusa, hainuki mpira, inanuka gundi, na droo ya pili ilikuwa pale, karibu na paja lake, nusu wazi, ndani yake jozi nzuri, nyeusi, ngumu, jozi ambayo angeweza kumpa hata kwa mkopo, hata bure kwa ajili ya zile hesabu za binti, na alijiambia nini, alijiambia si wamependa wenyewe, alijiambia acha dunia iwafunze, na akazifunga, akazifunga vizuri, hilo ndilo, akazinyoosha sawasawa na rimu, akakaza waya, akajaribu breki hapa hapa sakafuni ambapo hata kidole kinaweza kusimamisha baiskeli, akapokea ujira wa kufunga, akasema, "Haya mwalimu, safari njema," na kwenye mteremko wa tangi la maji, siku ya tisa, kukiwa na manyunyu, mwalimu alibana breki, breki ikawa uji, akauvuka mtaro, mguu vipande viwili.

Na aliyeleta habari ni mume, mezani, kijiko kimesimama, uso umempauka, alisema tu, "Breki zilikataa," na yeye alijibu nini, anakumbuka alichojibu, alipiga meza kwa kiganja, karibu afurahi, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?" ...aliwaambia, ndiyo, alimwambia mpishi, alimwambia karani, aliuambia ubao, aliiambia meza hii kila jioni, mji mzima aliuambia isipokuwa mtu mmoja, siku moja, aliyesimama mbele ya kaunta hii akiomba radhi. Na mume hakumaliza chakula siku ile. Yeye fundi alidhani ni huruma ya mtu na mwenzake wa kazi. Kumbe mmoja kaziagiza na mmoja kazifunga, wamekaa wanatazamana kati ya bakuli na chumvi, kila mtu na nusu yake ameikalia kama kuku.

Lakini ishirini na nne, bado kuna hizi ishirini na nne, hilo hawezi kulisafisha, baada ya mguu ameagiza tena, anaishika hiyo hasira kwa mikono miwili, anaupeleka mfuko kwenye mwanga wa mlango atafute tarehe, apate ushahidi, aje auweke mezani na tarehe yake, na tarehe ipo, muhuri wa kutoka huko, anahesabu kwa vidole juu ya plastiki, wiki moja, mbili, tano, sita... wiki ya sita. Mzigo ulishakuwa njiani. Mguu ulikuwa bado mzima, mwalimu alikuwa bado hajaja hapa, hakuna aliyejua kitu. Hata hasira hiyo ananyang'anywa, mchana kweupe, na karatasi yenye herufi kama chawa. Mume hakujua. Aliziona kwenye simu tu, picha, mkono wa msichana anayecheka, mtu wa chupa yule angejuaje, hana ukucha wa kazi hii, hajawahi kunusa raba maisha yake, alikuja kuomba apate mwenye ukucha, zijaribiwe kwanza, hayo aliyasema kwa mdomo wake, wewe uzijaribu. Katika watu wote waliozigusa zile raba, aliyeziumba ambaye hata hamjui, aliyezipakia, aliyezileta, aliyezigawa, aliyezibana mteremkoni, mwenye kujua alikuwa mmoja.

Wauzaji walaaniwe, hilo halikubadilika, wajinga wale, wezi wale, na mume atamsema, ipo siku yake, atamsema mpaka majirani wazime redio. Lakini si kwanza. Kwanza kuna nyumba moja nyuma ya shule, mlango wa kijani, mtu amelazwa na mguu juu ya mito miwili, na kila anayekwenda kumpa pole anamwambia ni hao wa ng'ambo, mwalimu, hao hao, na yeye mwenyewe alikwenda Jumamosi na machungwa akasema hivyo hivyo, akakaa kwenye stuli akasema hivyo hivyo, na mwalimu akamjibu, "Kosa langu, fundi, nilitaka rahisi," na yeye akamwacha aseme, akamenya chungwa. Atakwenda leo. Atafunga duka saa nane. Atakaa kwenye stuli ile ile na atasema neno ambalo halina wa ng'ambo wala wa nyumbani ndani yake, neno fupi, analijaribu ulimini, ni chungu kama grisi...

"Nilijua," anasema.

"Ulijua nini, mama?" anauliza mtu wa vifurushi, kalamu bado ameinyoosha juu ya kaunta.