Hatua Moja Nyuma

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayepuliza rangi za magari, soma haya mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo mbele yake. Mimi wangu niliufungua, nusura nimwangushe binti yangu mwenyewe.

Binti yangu gerejini wanamwita Sindano, kwa wembamba wake. Miaka miwili alikuwa mtu wa msasa. Kusugua milango, kuziba mabonyeo kwa puti, kusugua tena, anarudi nyumbani kucha zimeliwa na maji. Bunduki ya kupulizia rangi aliishika kwenye mabati mabovu tu, ya kujifunzia. Ndipo fundi mkuu, ambaye wote wanamwita Taratibu, akamwambia:

"Sindano, Alhamisi nakupa gari la mkunga, lile lililogongwa. Boneti na mlango mmoja. Peke yako. Likitoka vizuri, bunduki ni yako. Likitoka vibaya, unarudi kwenye msasa, nafasi nampa mwingine."

Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikashika tama.

Sababu ninayo. Kaka yangu alikuwa mpuliza rangi za magari. Enzi zile alijifunga kitambaa puani, basi, ndiyo kinga yake. Alikohoa miaka mitatu, tukamzika hajafika arobaini. Sindano alikuwa bado anatambaa. Tangu hapo harufu ya rangi ya gari kwangu ni harufu ya msiba.

Barakoa mtoto alikuwa nayo, sikatai. Taratibu haruhusu mtu kugusa bunduki bila barakoa yenye vichujio viwili mashavuni. Lakini mimi niliiona mdude wa plastiki tu. Akili yangu ya darasa la saba ikaniambia, kinachodhuru kaa nacho mbali.

"Mwanangu, ukipuliza, nyoosha mkono wote. Halafu rudi hatua moja nyuma."

"Mama, rangi ina umbali wake. Shibiri moja hivi."

"Shibiri! Unataka kuibusu?"

"Mama jamani, hiyo ndiyo kazi."

"Niapie."

Akaniapia, maana nilishaanza kulia. Mtoto gani atabishana na mama anayelia?

Alhamisi sikuridhika na kiapo, nikaenda mwenyewe. Taratibu alikuwa ametoka kwenda kuvuta gari lililokwama barabarani. Chumba cha kupulizia kina dirisha dogo, nikajibandika pale. Kila Sindano alipoisogelea boneti, niligonga kioo. Ananitazama, anarudi nyuma. Anasahau, anasogea, nagonga. Anarudi. Chumba kizima kilijaa ukungu wa bluu, nikawa namwona kwa taabu, nami huku nje najisifu moyoni kwamba namwokoa.

Rangi iliposhika, tukaiona. Mlango haukuwa na hali, na boneti ilikuwa mbaya zaidi. Badala ya kulala laini, rangi ilikuwa na vivimbe na vijishimo kila mahali, kama ganda la chungwa.

"Sindano, umepaka gari au umemenya?" akasema fundi wa injini.

"Mkunga akija mpeni na kisu," mwingine akadakia.

Sindano hakucheka. Alikaa juu ya tairi, barakoa mapajani, akimsubiri Taratibu.

Taratibu alirudi, akapitisha vidole juu ya boneti. Kisha akaanza kutafuta. Akachovya kijiti kwenye rangi iliyobaki, akatazama inavyotiririka. "Thina ya kuizimua ipo ya kutosha. Rangi ingekuwa nzito isingejitandaza." Akaenda kwenye kompresa, akasoma kipimo. "Upepo upo. Ungekuwa mdogo ungetema matone makubwa." Akaweka kiganja kwenye bati la mlango wa nyuma. "Bati halijapata jua. Lingekuwa la moto, rangi ingekauka kabla haijatulia." Akamgeukia. "Basi ni mkono. Vaa, nipulizie huu mlango mbovu wa kujifunzia kama ulivyopuliza boneti."

Sindano akavaa, akanyoosha mkono, akarudi hatua moja nyuma.

"Simama hapo hapo! Mbona kama unamwagia nyoka maji? Ukiwa huko rangi inakaukia njiani. Inafika punje punje, haina tena umajimaji wa kujitandaza. Nani kakufundisha hivyo? Mimi?"

Sindano akaivua barakoa.

"Nakuuliza, Sindano."

"Kosa ni langu, fundi."

"Haya. Kesho chukua msasa wako."

Mtoto alitazama sakafu. Hata jicho hakunitupia, asije akanichongea kwa kunitazama. Hapo ndipo miguu yangu ilipoingia ndani yenyewe.

"Fundi, ni mimi." Nikamweleza yote, kiapo, dirisha, na kaka yangu.

"Mama, umekuja kufundisha gerejini kwangu bila hata hodi?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Marehemu alikuwa anavaa nini?"

"Kitambaa."

Akaichukua barakoa ya Sindano, akafungua kichujio kimoja, akanionyesha. Juu kilikuwa bluu tupu. Akakigeuza. Ndani cheupe.

"Hiki ndicho kinachomlinda mwanao. Umbali haumlindi. Rangi isiyofika kwenye bati inabaki hewani, naye amesimama humo humo. Leo umemwogesha ukungu kuliko siku zote."

Niliketi palepale sakafuni, na gauni langu la kutokea.

Taratibu angeweza kunifukuza, na mtoto nyuma yangu. Nani angemlaumu? Badala yake akamwambia Sindano, "Rangi ikikauka vizuri kesho, isugue na msasa laini wa maji mpaka vivimbe viishe, upulize upya. Mkunga nitampigia mimi. Nafasi niliyokupa bado hujaitumia. Aliyepuliza leo ni mama yako."

Maneno hayo nitamshukuru kwayo mpaka niingie kaburini.

Ijumaa sikwenda. Nilifua nguo zilizokwisha fuliwa, nikazianika, nikazianua mbichi. Jumamosi Taratibu akatuma neno nije, mkunga anakuja kuchukua gari lake.

Boneti ilikuwa imetulia kama maji kwenye beseni. Mkunga akalizunguka gari mara mbili, miwani mkononi.

"Hivi mlango uliogongwa ni upi?"

Sindano akaunyooshea kidole. Mkunga akainama, akaugusa, akacheka. "Nani kaufanya?"

"Mpuliza rangi wetu huyu hapa," akasema Taratibu, na hilo jina alikuwa hajawahi kumwita.

Nilimshika fundi mkono kwa mikono yangu miwili. Akanipigapiga bega. "Nenda nyumbani, mama. Ana gari jingine Jumatatu."

Basi, mama mwenzangu, hofu yako usiitupe, ila iweke mahali pake. Muulize mtoto kama barakoa inambana vizuri usoni, muulize vichujio vimebadilishwa lini. Mkono wake mwachie yeye na fundi wake. Na fundi huyo, kama ni mtu wa kukagua thina, upepo na bati kabla ya kumlaumu mtu, mwombee dua kila siku. Mimi wangu namwombea.