Mikanda ya Kuonyesha

Mzee Breki alipoanguka, karakana nzima ilicheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sindano, ingawa mkanda uliomwangusha ulikuwa kazi ya mikono yake. Mzee alikuwa na kilo mia moja na ushei, tena mtu wa mzaha. Alikuwa amepanda basi dogo jeupe kuja kusifu mikanda mipya ya viti, akaushika ule wa kiti cha mlangoni kwa mikono miwili, akajiachia kinyumenyume kama anayevuta ng'ombe mkaidi. "Hebu tuone kama utanibeba mimi na dhambi zangu," akasema. Uzi ukalia trrr. Mzee akatoka mlangoni kwa mgongo na kutua kwa makalio ndani ya beseni la oili chafu, mkanda ungali mkononi.

Sindano alikuwa fundi wa viti vya magari kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili: kazi yake na ulimi wake. Fahari yake ilikuwa mshono usioonekana. Kiti kilichochanika vipande vipande kilitoka mikononi mwake kikiwa kama kimezaliwa upya, na mteja alipopapasa na kushindwa kuona sindano ilipopita, yeye alitabasamu upande mmoja wa mdomo, basi. Basi lile jeupe lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyetaka kuanza kazi ya kupeleka watoto shuleni. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa, na wakaguzi walitaka kila kiti kiwe na mkanda. Shemeji alimletea robota la utepe mweusi wa mabegi na mfuko wa vifungio vya plastiki. "Shemeji, nishonee kumi na minne," alimwambia. "Ionekane tu."

Naye aliishona, ikaonekana.

Vicheko vilipokwisha, Sindano aliona kwamba Mzee Breki hacheki. Alikuwa amekaa vilevile ndani ya beseni, oili ikimpanda surualini, akiitazama ncha ya mkanda kwa makini kama anayesoma barua.

"Huu umeushona kwa uzi gani?"

"Uzi wa viti. Mzuri tu. Amka basi, unaniharibia sakafu."

"Na mkanda umeushikiza wapi?"

"Kwenye turubai la kiti. Mzee, usinitafutie kesi. Wewe ni tembo. Hiyo mikanda ni ya watoto."

Mzee akajinyanyua taratibu, akafuta mikono kwa tambara. Alikuwa amefunga breki za magari tangu Sindano hajajua kutia uzi sindanoni, na alikuwa na desturi ya kuzungumza polepole pale jambo lilipokuwa zito.

"Mtoto wa kilo ishirini akikaa, ni kilo ishirini. Hapo tunakubaliana. Sasa chukua basi liko mwendo wa hamsini, likagonga kitu, likasimama papo hapo. Basi limesimama, lakini mtoto hajapewa habari. Yeye bado anakwenda hamsini. Mkanda ndio unaompa habari, na kumpa kwenyewe ni kama kuning'iniza kilo mia tatu kwa kufumba na kufumbua. Mimi mara tatu, Sindano. Na mimi hapa sikutumia hata nusu ya nguvu zangu."

"Unatia chumvi."

"Nipe mshono wako mzuri kuliko yote."

Alimpa. Alikaa kwenye cherehani mchana ule, midomo ameibana, akashona kitanzi kwa uzi mnene wa maturubai, mistari minne badala ya miwili, kisha akairudia. Si kwamba alikuwa na hofu. Alikuwa na hasira, na hasira yake siku zote ilinyoosha mishono. Wakakitia kitanzi kwenye ndoano ya winchi, na upande wa pili wakafunga injini kuukuu iliyokaa pembeni mwaka mzima. Mzee akaitandikia matairi chini, akawaambia watu wasogee mbali.

"Hii ina kilo mia na hamsini hivi," akasema. "Nusu ya mtoto."

Mnyororo ukavutwa. Injini ikaondoka chini, kimo cha kiganja, ikazunguka kidogo. Mshono ukakaa. Sindano akafungua mdomo aseme lake, na hapo nyuzi zikaanza kukatika mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kisha zote kwa pamoja. Injini ikaangukia matairi, vikombe vya chai vikaruka mezani.

Hakuna aliyecheka. Sindano aliokota utepe. Haukuwa umechanika. Ulikuwa mzima, na palipokuwa na mistari yake minne palibaki vitundu vidogo vilivyonyooka, vimepangika vizuri ajabu.

Mzee Breki akamwita kwenye gari la mteja lililokuwa juu ya jeki, akamvutia mkanda wa dereva. Ulipovutwa polepole ulikuja. Alipoukutua ukakataa katakata. Akamwonyesha mshono wake wa kiwandani, mnene, umejazwa ukabanwa pamoja. Akamwonyesha na bolti nene iliyoushika kwenye mwili wa gari.

"Zamani magari hayakuwa na kitu hiki," akasema. "Watu waliweka akili yote kwenye injini, wakaja kwenye breki, na mtu mwenyewe wakamsahau. Wakawa wanatengeneza gari linalosimama vizuri, lenye watu wasiosimama. Mpaka wahandisi wakakaa chini wakafikiria mwili wa mtu: mfupa upi unaweza kuvumilia, upi hauwezi. Utepe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni pale uliposhikwa. Wewe umeshika turubai."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa yameshatoka karakanani. Yalikuwa kwenye basi dogo la kijani. Mwaka mmoja uliopita alilishonea mikanda kumi na miwili, kwa utepe uleule na uzi uleule, na tangu siku hiyo lilikuwa barabarani kila asubuhi.

Shemeji alikuja jioni kulichukua basi lake, akamkuta Sindano ameketi ndani na kiwembe, akifumua mkanda wa kumi.

"Unafanya nini?"

"Naondoa. Haifai. Haishiki mtu."

"Nani kasema ishike mtu? Ukaguzi ni Ijumaa!" Shemeji akashika kichwa. "Shemeji, mimi sijawahi kugonga hata kuku. Nitaendesha kwa adabu."

"Na anayekuja mbele yako? Naye umemwonya awe na adabu?"

"Wengine wote wamefanya hivihivi."

"Najua," Sindano akasema. "Mimi ndiye niliyewashonea."

 Shemeji akachukua funguo msumarini, akawasha basi, akaondoka nalo likiwa na mikanda mitatu iliyobaki inapepea mlangoni. Hakuaga. Katika miaka yote ya undugu wao hakuwahi kuondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Sindano alisimama kwenye lango la shule. Alikuwa amepiga moyo konde tangu anavaa viatu, lakini moyo wenyewe ulikuwa ukifunguka kila hatua. Basi la kijani lilifika taratibu, upande wake wa barabara, likasimama bila kutikisika. Mwendeshaji na mwenye mali alikuwa mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla hajastaafu, na watoto walimwita Mama Taratibu kwa jinsi alivyoendesha.

Sindano alikuwa amejiandaa kukuta mikanda imetupwa kando, haitumiki. Ingekuwa nafuu. Alichokuta ni watoto kumi na wawili waliofungwa vizuri, wakisubiri ruhusa. "Fungueni," Mama Taratibu akasema, na vifungio vya plastiki vikalia kwa pamoja. Mtoto mmoja mwenye mapengo aliukunja wake kwa uangalifu na kuulaza kitini kama mtu anayemlaza mdogo wake.

Watoto waliposhuka wote, Sindano alipanda.

"Fundi wangu!" Mama Taratibu akasema. "Karibu. Mikanda yako bado inadunda, hata uzi mmoja haujachomoka."

 Sindano aliushika mkanda wa kiti cha kwanza, akakanyaga chuma cha kiti, akauvuta kwa nguvu zake zote. Hakuwa mtu mkubwa. Mkanda ukatoka na kipande cha turubai.

 Nje, kengele ya shule ililia, nyayo zikakimbia, pakatulia.

"Niliishona ionekane," Sindano akasema. "Sikujua. Hapana. Sikuuliza. Ningeuliza ningejua."

Mama Taratibu alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Alizungumza bila kumtazama.

"Mwaka mzima nawaambia siwashi gari mpaka nisikie kila mmoja amefunga. Kuna siku lori lilinikatia barabara pale mteremkoni. Nilisimama kwa nafasi ya upana wa mkono. Nikajisemea, hata ningegonga, watoto wamefungwa." Akagusa kifungio cha plastiki. "Wamefungwa."

"Nipige ukitaka."

"Nikupige itanisaidia nini?" Akainuka, akachomoa funguo. "Mchana wazazi watakuja kuwachukua wenyewe. Nitawapigia simu. Na wewe utakuwepo hapa. Utawaambia kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi."

Huo mchana Sindano hakuusahau. Alisimama mbele ya wazazi kama ishirini, jua utosini, akauonyesha mkanda na kipande chake cha turubai, akaeleza. Mama mmoja alimwita muuaji. Baba mmoja alitaka kujua ni mabasi mangapi mengine. Sindano akayataja, matatu, akasema jana jioni na leo asubuhi amekwenda kwa wenyewe, wawili wamemsikiliza, mmoja amemfungia mlango, na kesho atarudi. Alitegemea sauti imsaliti, lakini haikumsaliti. Kadiri alivyosema ndivyo alivyojihisi kuwa mwepesi, kisha akaona aibu kwa huo wepesi.

Walipokuwa wakitawanyika, baba mmoja mwenye makovu ya cheche mikononi alibaki nyuma. Aliinama, akachungulia chini ya basi.

"Mimi ni mchomeleaji," akasema. "Sakafu hii nyembamba. Hata mkanda mzuri utaing'oa. Inataka bamba la chuma kwa chini, na viti vishikwe kwenye fremu. Nani anajua vipimo?"

"Yupo mzee mmoja," Sindano akasema. "Anaitwa Breki, lakini anajua na mengine."

Kazi ilichukua wiki mbili, na wiki hizo watoto walipelekwa na wazazi kwa zamu. Mchomeleaji alikuja baada ya kazi zake. Mama Taratibu alileta mikanda mipya, kila mmoja na lebo yake ya viwango. Mtu mmoja alijitolea kuleta mikanda ya bure kutoka magari yaliyogongwa, Mzee Breki akaikataa kwa upole: mkanda uliokwisha kumzuia mtu ajalini umekwisha kazi yake, akasema, umevutika ndani hata kama kwa nje unang'aa. Sindano alisikiliza kila neno. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi alikuwa kwenye kazi isiyohitaji cherehani hata kidogo. Siku ya kwanza mikono ilimwasha kwa kukosa la kufanya. Siku ya pili alilala chini ya basi na spana, kutu ikimdondokea machoni, akijifunza bolti inakazwa kwa nguvu ipi na inaachwa wapi.

"Umekaza mno," Mzee alimwambia. "Ukizidisha unaidhoofisha. Hii si vita."

Alilegeza, akakaza upya kwa kipimo. Mkono ukaanza kuelewa.

Siku ya kumi, mlio wa basi lingine uliingia uani. Alikuwa shemeji. Basi lake jeupe halikuwa na kiti hata kimoja. Sakafu ilikuwa tupu, mazulia yameng'olewa. Alisimama mlangoni akichezea funguo.

"Ukaguzi sikwenda," akasema. "Nilimweka mwanangu kwenye kiti cha nyuma ya kile cha mlangoni, nikamfunga mmoja wa mikanda ile mitatu. Nikataka kuendesha, mguu ukagoma." Akakohoa. "Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Livue viatu hilo, matairi yote manne, ulilaze pale. Tukimaliza hili tunalichungulia."

Jumamosi walilipeleka basi la kijani kwenye uwanja wa udongo usiotumika, nje ya mji. Kwenye viti kumi na kimoja walifunga magunia ya mchanga ya kilo ishirini ishirini. Kiti cha kumi na mbili, cha nyuma kabisa, Sindano alisema ni chake. Mama Taratibu alikataa, Mzee Breki akakataa, shemeji akaapa atamwambia kaka yake. Sindano akapanda, akakaa, akauvuta mkanda, akaufunga.

"Kwa breki tu," akasema. "Siwaambii mgonge ukuta."

Mama Taratibu, aliyejulikana kwa mwendo wa kobe, aliangalia kioo, akavuta pumzi, akakanyaga mafuta. Basi likakimbia. Uwanja ukaanza kutiririka madirishani, vyuma vikanguruma chini ya miguu, na Sindano akaona miti ya mwisho wa uwanja ikikua. Kisha breki.

Kila kitu ndani yake kilitaka kwenda mbele. Mkanda ukamkataza. Ulimshika begani na nyongani, mara moja, bila maneno, kama mkono wa mtu aliyekuwa macho wakati wote. Magunia yaliinama pamoja yakarudi pamoja, hata moja halikuhama. Basi likasimama, na vumbi lililokuwa likiwafuata likawapita, likaenda zake mbele ya kioo hadi uwanja ukaonekana tena.

"Uko salama?" Mama Taratibu aliuliza.

Sindano alikuwa ameweka kiganja juu ya mkanda, kifuani, anasikia moyo unavyoupiga kwa chini. Mzee Breki na shemeji walikuwa wakikimbia kutoka upande wa pili wa uwanja, mzee akiwa nyuma kabisa.

"Geuza basi," Sindano akasema. "Tena."